Kiapo cha Nyuma ya Mlango

Nakuru,
Jumanne, saa ya chakula cha mchana

Mama yangu,

Nakusalimu kwanza kabla sijasema lolote, maana nikianza na yaliyo moyoni nitasahau adabu. Goti linasemaje? Limekubali kukunjika, ama bado unapiga goti upande mmoja kanisani? Na yule ng'ombe amezaa? Mara ya mwisho uliniambia siku zake zimekaribia na humwamini anayemchunga. Huku mvua imeanza vibaya, inangoja nguo zianikwe ndipo ije. Mimi mwili uko sawa. Nakula, naenda kazini, nalala. Hiyo ndiyo salamu yangu na haina uongo, isipokuwa hapo kwa kulala.

Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Lakini Mama, wewe simu unaiweka spika na kuiinua juu kama redio, na boma lote linajua habari zangu kabla hujanijibu. Hili sitaki boma lijue. Ndiyo maana nimeitia ndani ya parseli, chini ya sukari na leso. Watu wakiuliza, sema Nafula ametuma leso. Isome peke yako, na uketi kwanza.

Mama, mkweo ameshtakiwa. Si polisi, usishike kichwa. Ameshtakiwa kwa wakubwa wa mawakili, wale ambao kazi yao ni kuwahukumu mawakili wenzao wakikosa. Wanaweza kumfuta jina asiwe wakili tena maisha yake yote. Na jambo lenyewe ni kile kiapo chako. Simtaji jina humu kwa sababu najua hupendi jina lake litajwe mbele yako, hata kwenye karatasi.

Nakukumbusha siku ile kwa sababu sasa kila kitu tulichofanya kinaulizwa. Ulikuwa umekuja Nakuru kutibiwa goti, ukakaa kwangu Lanet, kwa kuwa kwa dada Lilian huwezi kulala. Nyumba ya mkwe ni nyumba ya mkwe. Baba Mdogo akapiga simu kwamba wakili wake wa ile kesi ya shamba na jirani anataka hati yako ya kiapo haraka, ueleze mpaka wa shamba ulipita wapi ulipoolewa pale. Hati ikatumwa, nikaichapisha huku kazini, ofisini kwa mkweo. Ikabaki uape tu mbele ya kamishna wa viapo, na mkweo ni kamishna kama mawakili wengine wengi. Kwenye jengo letu wapo wengine, hata ghorofa hiyohiyo. Hakuna aliyefikiria kukupeleka kwao. Tuliona ni jambo la nyumbani, litaishia nyumbani.

Wewe ukaketi mapokezi karibu na meza yangu, umejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Yeye akabaki chumbani kwake. Mlango uliachwa wazi kiasi cha kupitisha sauti tu. Akasoma maneno ya kiapo kama mtu anayesoma somo kanisani, nawe umeshika Biblia, unajibu huku umeutazama ukuta. Nikakupa hati ukatia sahihi polepole, herufi zote za jina lako, nikampelekea akapiga muhuri. Ulicheka, Mama. Ulisema huyu mkwe, ingawa si wa kwetu, ana adabu kuliko waliozaliwa kwetu. Na ni kweli. Kwao Mau Narok mama mkwe na mkwe hukaa meza moja wakala viazi na kubishana siasa. Mwiko wa kwetu aliujifunza kwa ajili ya Lilian, na tangu ameoa hajawahi kukutazama usoni wala kukupa mkono. Kosa lake lote limetoka hapo.

Maana kortini huko nyumbani, yule wakili wa jirani alipokusimamisha, aliuliza swali moja la kijanja. Baba Mdogo alinisimulia.

“Mama, huyu wakili aliyekuapisha, ulikuwa mbele yake?”

“Siwezi kukaa mbele yake. Ni mkwe wangu.”

“Kwa hivyo ukimwona leo utamtambua?”

“Sijawahi kumwangalia uso.”

Baba Mdogo anasema korti nzima ilicheka. Ulitaka kueleza habari ya mlango, hakimu akasema inatosha. Hati ikatupwa, na sisi huku tukadhani mambo yameisha, Baba Mdogo atatafuta mashahidi wengine na maisha yaendelee.

Jirani hakuona hivyo. Akapeleka malalamiko Nairobi, na ameandika kwamba wewe hukuwahi kukanyaga ofisi hii. Eti hati ilitiwa sahihi kijijini, pengine hata si kwa mkono wako, ikaletwa Nakuru na basi, na mkweo akaipiga muhuri bila kujua kama aliyeapa ni mtu au ni kivuli. Kwanza ilikuja barua ya kumtaka ajieleze. Akajieleza kwa maneno mengi ya sheria, nadhani kuliko yaliyohitajika. Kisha siku moja akaingia bwana mwenye helmeti ya pikipiki mkononi, akanisalimu vizuri, “Sasa madam,” akanipa bahasha nitie sahihi ya kupokea. Nilisoma yaliyoandikwa juu yake. Shtaka limefika mbele ya baraza la nidhamu la mawakili na siku ya kusikizwa imepangwa.

Tangu hapo, Mama, ninaogopa hata simu ya mezani ikilia. Mkweo hagombi, na hiyo ndiyo inanitisha zaidi. Zamani akikosa faili alikuwa anapiga kelele mpaka jirani wa chini anasikia. Siku hizi anasema tu “asante Nafula”, hata nikimletea chai iliyopoa. Anasimama dirishani akiwatazama watu wa barabarani kama mtu anayewaonea wivu. Na habari za mawakili hazikai ndani ya nyumba. Juzi mzee mmoja kutoka Longonot, mteja wake wa tangu ofisi ifunguliwe, alikuja amevua kofia.

“Boss, si ati sikuamini,” alimwambia. “Lakini hiyo faili yangu nipatie tu, nikae nayo kwa nyumba.”

Mkweo akamtolea faili mwenyewe, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Aliporudi alifunga mlango wa chumba chake, na sikumwona tena mpaka jioni.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita aliniita ndani. Juu ya meza kulikuwa na hati ya kiapo, na jina lililoandikwa humo ni langu. Inasema mimi, Nafula, karani, nilikuwepo, na nilimwona mama yangu mzazi ameketi mbele ya meza ya wakili, wakitazamana, akiapa.

“Ni laini moja tu, Nafula,” alisema. “Hayo mengine yote ni true. Alikuja, aliapa, alisaini. Si ulikuwa hapo?”

“Nilikuwa, Shemeji. Lakini hakukaa hapo mbele.”

“Najua hakukaa.” Alisema polepole sana. “Nikisema alikuwa nyuma ya mlango, wataniuliza ni kwa nini. Nikieleza ni kwa nini, watataka aje aeleze mwenyewe. Unataka mathe aletwe huko, akalishwe mbele yangu, mawakili wamtazame wakicheka tena?”

Alinielekeza nikaape kwa wakili mwingine, ofisi ya mwisho kwenye korido yetu. Nilikwenda, Mama, sikufichi. Yule wakili alivaa miwani, akasoma, akaniangalia.

“Umeisoma hii na ukaelewa?”

“Ndiyo.”

“Ni ukweli? Ukiapa uongo hapa ni jela, na mimi nitakuwa shahidi kwamba nilikuuliza.”

Nikasema nimesahau kitambulisho nyumbani, na kilikuwa ndani ya mkoba begani mwangu. Nikarudi mezani kwangu nikaitia hati kwenye droo. Mkweo hakuniuliza kama nimeapa, nami sikusema. Tuliendelea kuishi hivyo mimi na yeye, mlango katikati, kila mmoja anaogopa kufungua mdomo.

Kisha akaja Wakili Chepkoech. Huyo ni mama mtu mzima, amekaa katika kazi hii tangu sisi tukiwa shule ya msingi, na mkweo amemwomba amtetee. Mwembamba, sauti yake ndogo, anakunywa maji moto matupu bila majani. Alikaa na faili asubuhi yote, halafu akaniita niketi nao. Akamuuliza mkweo jambo lilivyokuwa.

“Alikuwa hapa,” mkweo akasema, akaonyesha kiti kilicho mbele ya meza yake.

Wakili Chepkoech akanigeukia. “Na wewe unasemaje?”

Niliangalia mikono yangu. Nilimfikiria Lilian, nikamfikiria mtoto wao aliye tumboni, na kodi ya ile nyumba yao. Nilifikiri pia kwamba mkweo ndiye anayenilipa mshahara, na ndiye aliyenitoa kijijini akanifundisha kompyuta. Yule mama hakunihimiza. Alifungua faili, akasoma polepole majibu yako ya kortini, yale ya mkwe na uso. Kisha akasema, “Haya maneno mama yenu aliyasema akiwa ameapa. Mkienda kule mseme alikaa mbele ya meza wakitazamana, mnamfanya nani muongo?”

Hapo, Mama, hofu yangu ilihama. Kabla ya hapo nilikuwa namwogopea mkweo na kujiogopea mimi. Sikuwa nimewaza kwamba ile laini moja inakuchoma wewe. Nikaeleza yote: kiti cha mapokezi, leso, mlango, sauti yake ikisoma, wewe ukijibu ukuta. Nilikuwa nalia na sikuona haya. Mkweo alisimama akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo.

Wakili Chepkoech alikunywa maji yake. Kisha akatueleza kwa lugha ya kawaida, nami nakuandikia nilivyoelewa. Baraza hilo lina namna nyingi za kuadhibu. Linaweza kumwonya wakili na kumwacha aende. Linaweza kumtoza faini. Linaweza kumsimamisha kazi kwa muda, asikanyage kortini. Na linaweza kufuta jina lake kabisa. Kupiga muhuri bila aliyeapa kuwa machoni pako ni kosa, na alisema wazi kwamba halikwepeki, adabu au si adabu.

“Lakini hilo kosa lina mlango wa kutokea,” akasema. “Unakubali, unaeleza, unaomba msamaha. Wenzako wamefanya mabaya zaidi na bado wako kazini. Ukienda huko na uongo, hapo ndipo watakufuta jina. Na huyu dada mdogo utampeleka jela.”

“Na wakisema ni forgery?” mkweo akauliza, bado ametazama nje.

“Ndiyo sababu ninamtaka mama. Karani ni mtu wako, tena shemeji yako, hawatamwamini peke yake. Mama aje aseme: nilikuwa hapo, nilisikia sauti yake, nikaapa, hii sahihi ni yangu. Na amwonyeshe ni yupi.”

Alisema siku hizi mashahidi wengi husikizwa kwenye kompyuta, mtu akiwa kwao. Lakini yule wakili wa jirani amekataa kabisa. Anataka huyo mama aonekane mwenyewe, kama yupo.

Ndipo mkweo akageuka. Sijawahi kumwona na uso ule. “Hapana,” akasema. “Afadhali wanifute. Mama hatakuja kukalishwa mbele yangu kwa sababu yangu. Nitaenda nirudi Mau Narok nipande ngano na baba.”

“Utapanda ngano, sawa,” Wakili Chepkoech akamwambia. “Na wakikufuta, watu watasema ni adabu ama watasema uliforge?”

Alichukua koti akatoka, na kikao kikaishia hapo. Ile hati ya jina langu niliichana jioni hiyo mbele yake, aliporudi kuchukua funguo. Aliniangalia nikiichana, akachukua funguo akatoka.

Jumapili Lilian alikuja kwangu Lanet peke yake. Tumbo lake sasa ni kubwa, anashuka ngazi kwa kujishika. Nilidhani amekuja kunigombeza kwamba nimemuuza mumewe kwa mdomo wangu. Aliketi kitandani akavua viatu. Akasema, “Mwandikie Mama. Mimi nitashindwa.” Nikamuuliza kama haogopi, na hali yake hiyo. Unajua Nyanya alivyokuwa akituambia, kwamba mama mkwe na mkwe wakitazamana, nyumba ile watoto wake hawatulii. Lilian alishika tumbo. “Naogopa sana,” akasema. “Lakini huyu mtoto pia atataka baba mwenye jina.”

Mama, najua wapo wazee wanaoweza kuutengua mwiko huo kwa mbuzi na blanketi, na mkweo amekuwa akisema atakuja kuyafanya hayo Krismasi. Siku ya baraza iko karibu kuliko Krismasi. Ukija, utaingia chumba kimoja naye, na mtu atakuambia inua macho useme ni yupi. Mimi mwenyewe nikiwaza tu nywele zinasimama. Nimelelewa na mikono yako na ninaamini unachoamini, hata kama hapa mjini nafanya kama siamini. Likimpata Lilian lolote, au mtoto, nitasema ni barua hii. Usipokuja, mkweo atafutwa akiitwa mghushi, nami nitakuwa nilijua mtu mmoja angeweza kumwokoa nikanyamaza. Naogopa ukija na naogopa usipokuja. Sijui kuiandika kwa njia nyingine.

Kwa hiyo sikuombi uje. Ninakueleza tu mambo yalivyo, kwa sababu kila mtu huku anaamua kwa niaba yako, wengine kwa mapenzi na wengine kwa hila, na hakuna aliyekuuliza. Uamuzi wowote, sitakulaumu, na Lilian ameniambia niandike kwamba naye hatakulaumu. Mimi nitaenda Nairobi na kusema niliyoyaona. Hilo limekwisha, hata nikipoteza kazi.

Nisalimie Baba Mdogo, lakini usimwonyeshe barua, ataanza kuita mikutano. Nisalimie Kukhu, yule bibi kizee wa ng'ambo ya mto, umwambie dawa yake ya mgongo niliipata, nitampelekea mwenyewe. Msalimie mke wa kaka, na mapacha wake niliosikia wanakimbia sasa. Mwalimu wa kwaya naye mwambie bado namdai ule wimbo wa Pasaka.

Usikae na baridi, goti halipendi.

Mimi mtoto wako wa mwisho, mwenye woga mwingi na mapenzi zaidi,

Nafula

Mama, nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa nimeshaifunga na kuandika jina lako juu, iko mezani inangoja gundi ikauke, mkweo akaingia kutoka kortini. Alisimama hapo mapokezi akaitazama. Nilijua amejua, kwa sababu hakuna jambo lingine la kukuandikia katika siku hizi. Nilingoja aichukue, au anifukuze kazi, au anyamaze kama kawaida yake ya siku hizi. Aliweka mkono juu ya bahasha, akauacha hapo kidogo, kisha akauondoa.

“Mwambie asafiri mchana,” akasema. “Hapo Salgaa si pazuri usiku, ajali ni nyingi.”